Mita 60 kutoka wapi? Ziwa Tanganyika na namna ya kupanga kesho tusiyoijua

Tuanze na swali la sheria, halafu tulipeleke kwenye historia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Ukiisoma ukiwa ofisini Dodoma, ni jambo jepesi: unachukua futi kamba, unapima, unaweka alama, umemaliza. Sasa ichukue sheria hiyohiyo uende nayo Ujiji. Simama pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe, halafu tazama ziwa lilipo. Si hapo. Unateremka, unapita nyumba na bustani, ndipo unafika majini. Wazee wa Ujiji watakwambia kwamba zamani maji yalikuwa karibu zaidi, na vipimo vya wanasayansi vinakubaliana nao.

Basi, mita 60 kutoka wapi? Kutoka ziwa la leo? La mwaka 1878? La mwaka 1964? Anayejenga leo kwa kufuata sheria kikamilifu anaweza kuamka baada ya miaka 15 akakuta maji mlangoni, na serikali ikamwambia amevamia hifadhi ya ziwa. Hakuhama yeye, ziwa ndilo lililomfuata.

Makala hii inahusu ziwa hilo linalohama, na jinsi serikali zilizotawala ufukwe wake, moja baada ya nyingine, zilivyopanga kana kwamba halihami. Tukifika mwisho tutaangalia njia nyingine ya kupanga, ambayo inazidi kutumika duniani, na tuone kama inaweza kumfaa mtu wa Kigoma.

Minazi na michikichi iliyoingia majini

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Hawakufika porini. Walikuta mji wa biashara: pembe za ndovu, watumwa, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wameshajenga huko, karibu na maji, kwa sababu mitumbwi ndiyo iliyokuwa lori la wakati ule. Soko lilikuwa ufukweni. Nani angeweka soko mbali na mitumbwi?

Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1876 alishangaa. Miti ya jamii ya mnazi na mchikichi aliyoikumbuka ikiwa kwenye uwanja wa soko sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji. Ufukwe wa mchanga waliotembea yeye na Livingstone ulikuwa umefunikwa. Ziwa lilikuwa linapanda, na lilikuwa linapanda kwa kasi ambayo mtu mmoja anaweza kuiona kwa macho yake mwenyewe ndani ya miaka 5.

Kwa nini lilipanda? Hapa ndipo swali kubwa la jiografia la wakati huo lilipokuwa limekwama. Kila mmoja alitaka kujua Ziwa Tanganyika linatolea wapi maji yake. Upande wa kaskazini kuna Mto Rusizi. Livingstone na Stanley walikwenda kuutazama mwaka 1871 wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikwenda upande wa magharibi, ambako leo ni Kongo, akakuta mdomo wa Mto Lukuga. Akasema: hapa ndipo maji yanapotokea. Lakini mdomo ulikuwa umejaa majani na mafunjo, hata mtumbwi haukuweza kwenda mbali. Stanley alipofika palepale mwaka 1876 hakuona mkondo wa maana. Yeye alisema: mto huu bado hautoi maji, ila ziwa linapanda, na baada ya miaka michache litaubomoa huo udongo na mafunjo na kutoka.

Wenyeji walioulizwa njiani nao walitoa majibu tofauti. Wengine walisema maji yanaingia, wengine yanatoka. Wasafiri wale waliandika kana kwamba wenyeji wanajichanganya. Tukisoma leo tunaona jambo jingine: inawezekana kabisa kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu mwaka aliouona. Swali la wageni lilikuwa na kosa ndani yake. Waliuliza «mto huu unaelekea wapi?» kana kwamba jibu ni moja kwa nyakati zote, wakati swali lililofaa lilikuwa «ziwa likiwa kiasi gani, mto unafanya nini?»

Likumbuke swali hilo la pili, kwa sababu tutalirudia.

Beseni lenye tundu ubavuni

Stanley alikuwa sahihi. Mwaka 1878 hivi ziwa lilifikia kilele chake, takriban mita 783 juu ya usawa wa bahari, kisha Lukuga ikafunguka. Edward Hore, mmisionari na baharia aliyefika Ujiji mwaka huohuo, alishuhudia maji yakishuka, na mwaka 1879 akaenda Lukuga mwenyewe akakuta mto unakwenda kwa nguvu kuelekea Lualaba, na kupitia huko hadi Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10.

Hebu fikiria beseni kubwa lenye tundu ubavuni. Tundu likizibwa na tope, na mvua ikaendelea kunyesha, maji yanapanda hadi yanapita juu ya tope. Yakishaanza kupita yanalichimba tope lenyewe, tundu linakuwa pana, maji yanashuka haraka. Ndicho kilichotokea.

Lakini beseni hili lina tabia nyingine ya kushangaza. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina kinachofikia mita 1,470. Ungedhani ziwa kubwa namna hiyo halitikisiki kwa mvua ya msimu mmoja. Ukweli ni kwamba maji mengi yanayoondoka ziwani hayapiti Lukuga, yanapaa angani kama mvuke. Kila mwaka jua linachukua kina cha zaidi ya mita 1 kutoka juu ya ziwa zima, na mvua pamoja na mito kama Malagarasi na Rusizi vinarudisha karibu kiasi kilekile. Ni kama duka ambalo mauzo na matumizi vinakaribia kulingana: mwezi mmoja mbaya unatosha kukuingiza kwenye deni. Mvua zikizidi kidogo kwa miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa linapanda. Zikipungua, linashuka.

Watu wa pwani wamezoea maji kupwa na kujaa. Mvuvi wa Bagamoyo hajengi nyumba pale maji yalipopwa asubuhi, maana anajua jioni yatarudi. Ziwa Tanganyika nalo lina kupwa na kujaa kwake, ila halina ratiba, na zamu moja inaweza kuchukua maisha ya mtu mzima. Hapo ndipo penye mtego. Mtu anazaliwa maji yakiwa mbali, anakua, anajenga, anazeeka, na moyoni anaamini kwamba hapo ndipo ziwa lilipo.

Mwisho wa reli

Maji yaliposhuka mita 10, Ujiji iliumia kuliko sehemu nyingine. Sababu ni mwinuko wa ardhi. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Mahali ambapo ardhi inateremka taratibu, tuseme mita 1 kwa kila mita 40 za kutembea, ziwa likishuka mita 10 ufukwe unasogea mita 400. Mahali penye mteremko mkali, mita 1 kwa kila mita 5, ufukwe unasogea mita 50 tu. Ujiji ni ya aina ya kwanza. Ghuba ya Kigoma, kilomita chache kaskazini, ina kina kirefu na imekingwa na vilima.

Basi Wajerumani walipoileta Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita kama 1,250, hawakuimalizia Ujiji, mji uliojulikana duniani kote. Waliimalizia Kigoma, ambayo wakati huo haikuwa na jina kubwa. Reli ilifika Februari 1914. Mji wenye historia ukawa kitongoji cha mji wenye bandari, na hadi leo ukimwambia mtu «mwisho wa reli» anajua unazungumzia Kigoma.

Hebu tuwatendee haki Wajerumani: walilisoma ziwa vizuri. Lakini walisoma ziwa la wakati wao, lililokuwa chini. Na kuna jambo jingine hawakulisoma kabisa. Walijenga reli kwa hesabu za koloni litakaloishi miaka mingi. Miezi 6 baada ya reli kufika Kigoma, vita kuu ikaanza. Mwaka 1916 walikuwa wameukimbia mji. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana, na Wabelgiji wakapewa eneo lao la bandari palepale Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Reli iliyojengwa kwa ajili ya himaya moja ikawahudumia wengine.

Katika habari hiyo yote kuna tukio moja dogo ninalolipenda. Meli *Graf von Götzen*, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuungwa Kigoma, iliingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, adui alipokaribia, amri ikatoka izamishwe. Mafundi waliopewa kazi hiyo walizipaka injini grisi nzito kwanza, ndipo wakaizamisha. Walijua wanaweza kushinda vita na kurudi kuichukua, au wasirudi kamwe. Grisi ilikuwa na gharama ndogo kwa vyovyote vile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la *Liemba*. Iliendelea kubeba abiria, dagaa na mananasi kati ya Kigoma na Mpulungu hadi karne hii.

Mabwana wa reli walipanga kwa kesho moja. Mafundi wa meli walipanga kwa kesho mbili. Kazi ya nani ilidumu kama alivyokusudia? Hata hao mafundi hawakuvuna wao, lakini meli ilipona.

Maji yanarudi

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana zilinyesha Afrika Mashariki. Kulikuwa na hali ambayo leo tunaielewa vizuri zaidi: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huku kwetu, maji ya bahari yalikuwa ya joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakawa ya baridi. Mawingu yakahamia kwetu. Maziwa yote makubwa yalipanda. Ziwa Tanganyika lilifikia kilele mwaka 1964, karibu na mita 777, likiwa bado chini sana ya kiwango cha 1878 lakini juu ya vile vizazi viwili vilivyokuwa vimezoea.

Kisha likashuka tena taratibu. Watu wakasogea kuyafuata maji: mialo, maghala, nyumba, mashamba ya mboga. Miaka ikapita, na wasiwasi ukawa wa upande mwingine kabisa. Katika miaka ya 2010 mazungumzo kati ya Tanzania na Kongo yalikuwa kuhusu kujenga banio kwenye Mto Lukuga ili maji ya ziwa yasizidi kupungua. Bandari zinahitaji kina, na kina kilikuwa kinakimbia.

Halafu ikaja 2019. Bahari ya Hindi ikarudia ile hali ya 1961, kwa nguvu kubwa. Mvua zikanyesha, na misimu iliyofuata nayo ikawa na maji mengi. Ziwa likapanda mwaka 2020, likapanda 2021, na mwaka 2024 likafika karibu na kiwango cha 1964. Kigoma maji yaliingia kwenye mialo na nyumba za ufukweni. Bujumbura, Uvira na Kalemie hali ilikuwa mbaya zaidi, na maelfu ya watu wakahama. Mkutano uliokuwa unajiandaa kuzuia maji yasitoke ukageuka kuwa mkutano wa kuuliza maji yatatoka lini.

Tusiwacheke waliokuwa wanazungumzia banio. Walikuwa na takwimu, na takwimu zilionyesha mteremko. Kosa lilikuwa lilelile la Ujiji ya 1876 na Kigoma ya 1914: kuuchukua mstari wa miaka ya karibuni na kuuendeleza kwa rula hadi kesho.

Kupanga bila kutabiri

Sasa tuondoke ziwani kidogo, tutarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa na kikundi cha wapangaji, akiwemo Mfaransa Pierre Wack. Makampuni mengi wakati ule yalitabiri bei ya mafuta kwa rula: imekuwa tulivu miaka mingi, itaendelea kuwa tulivu. Kikundi cha Wack kiliandika hadithi kadhaa za kesho, na katika mojawapo nchi zenye mafuta zinaungana na kupandisha bei. Hawakusema itatokea. Walisema inawezekana, na waliwauliza mabosi wao: ikitokea, tutafanya nini Jumatatu asubuhi? Oktoba 1973 ikatokea. Shell ilikuwa imeshalifikiria swali.

Hadithi za namna hiyo wataalamu wanaziita senario. Senario si utabiri na wala si ndoto njema. Ni hadithi ya kesho inayowezekana, iliyojengwa juu ya sababu zinazoeleweka, na huandikwa zaidi ya moja kwa makusudi.

Mwaka 1991 na 1992 njia hiyo ilitumika kwenye jambo zito kuliko mafuta. Afrika Kusini, mahali panapoitwa Mont Fleur, watu 22 kutoka pande zilizokuwa zinapigana kisiasa walikaa pamoja kutafakari nchi itakuwaje baada ya ubaguzi wa rangi. Walitoka na hadithi 4. Katika moja, serikali inafukia kichwa mchangani kama mbuni. Katika nyingine, mpito unakuwa kama bata aliyevunjika bawa. Katika ya tatu, serikali mpya inatumia pesa kwa pupa, inaruka juu sana kisha inaanguka, kama Icarus wa ngano za Wagiriki. Ya nne ni ya heroe: ndege hao huanza kuruka taratibu, na huruka kwa pamoja. Hadithi zilisambazwa hadi magazetini, na watu wakawa na maneno ya kubishania mambo yaliyokuwa hayasemeki.

Angalia tofauti hapo. Kwa Shell senario ilikuwa chombo cha kampuni kujilinda. Mont Fleur ilikuwa chombo cha watu wasioaminiana kujadili nchi yao. Mambo ya utawala yanahitaji zaidi hiyo ya pili, na ndiyo ngumu. Senario zikiandikwa na wataalamu watano ndani ya hoteli, zinabaki kuwa ripoti yenye picha nzuri.

Tanzania ina utamaduni wa dira. Dira ya Maendeleo 2025 iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wachache. Julai 2025 ikazinduliwa Dira 2050. Dira ni kitu cha lazima, inasema tunataka kufika wapi. Lakini dira ya baharini nayo inakuonyesha kaskazini tu, haikwambii kama mbele kuna mwamba au dhoruba. Senario zinajaza nafasi hiyo: ukitaka kufika kule, ni bahari za namna gani unaweza kukutana nazo?

Kigoma 2050, mara nne

Tujaribu wenyewe. Haya ni mazoezi yetu, si mpango wa ofisi yoyote.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha yale yenye uhakika mkubwa na yale ya mashaka. Joto la ziwa liko upande wa uhakika. Mwaka 2003 makala mbili za kisayansi, moja katika jarida la *Nature* na nyingine katika *Science*, zilionyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne ya 20. Mojawapo ililinganisha vipimo vipya na vile vya mwaka 1913. Tatizo la joto ni hili: virutubisho vingi viko chini, kwenye maji baridi yasiyo na oksijeni. Upepo wa kusini wa kiangazi huyachanganya maji na kuvileta juu, vijimea vidogo vinakula, dagaa wanakula, migebuka wanawala dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta, na upepo unashindwa kuyachanganya. Makala ya *Nature* ilikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulipungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 utafiti wa tope la sakafu ya ziwa ulionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa karne ya 20. Kwa hiyo kesho yoyote tutakayoandika, tuandike ziwa lenye joto na samaki walio kwenye shida.

Mashaka tuchukue mawili. La kwanza: maji yatapanda au yatashuka? Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza mvuke na yanaweza kuongeza mvua kubwa pia, hivyo jibu linaweza kwenda pande zote mbili, hata kwa zamu. La pili: nchi 4 za ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zitafanya kazi pamoja au kila moja kivyake? Mkataba wao wa kulisimamia ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 kutokana na makubaliano ya nchi hizo. Kwa mvuvi wa Katonga miezi 3 bila ziwa si jambo dogo. Anaweza kuivumilia akijua mwenzake wa ng'ambo naye amefunga nyavu.

Ukiyapanga mashaka hayo mawili yakutane, unapata hadithi 4.

*Mtumbwi Mmoja*: maji yanapanda, nchi zinashirikiana. Vipimo vya kina vinatumwa kila siku kwa nchi zote, Lukuga inasafishwa kwa makubaliano, watu wa mabondeni wanahamishwa mapema na kwa fidia.

*Kila Mwamba Ngoma*: maji yanapanda, kila mmoja huvutia kwake. Kila mji unajenga ukuta wake, Lukuga inakuwa ugomvi, wanaohama wanavuka mpaka kama wakimbizi.

*Mwalo Unaohama*: maji yanashuka, nchi zinashirikiana. Banio linajengwa kwa utaratibu unaokubalika pande zote, mialo inafuata maji kwa ramani, ardhi mpya inabaki ya umma.

*Ujiji ya Pili*: maji yanashuka, kila mtu kivyake. Gati linabaki juu ya tope huku reli ya kisasa kutoka Tabora ikiwa imeshafika, na ardhi iliyoachwa na ziwa inagawanywa na wenye nguvu kabla ya wengine kujua ina namba ya kiwanja.

Sasa usiulize ipi itatokea. Uliza ni uamuzi gani wa leo unaofaa katika zote 4. Hiyo ndiyo grisi ya injini. Gati linaloelea linafaa maji yakipanda na yakishuka. Ghala la dagaa na umeme wake vikiwekwa juu kidogo mlimani, vinafaa siku zote. Ufukwe wa Ujiji ukitengwa kwa soko la wazi, bustani na vibanda vya kuhamishika, hasara ni ndogo maji yakirudi, na hakuna wa kubomolewa nyumba. Na sheria ya mita 60 ingeweza kusomeka kwa kimo badala ya umbali: usijenge cha kudumu chini ya kimo fulani, kwa mfano kile cha 1964 na ziada kidogo. Kimo hakihami. Penye mteremko mkali kingemruhusu mtu ajenge karibu zaidi, na Ujiji penye tambarare kingemwambia ukweli mapema kwamba hata mita 80 hazitoshi, maana maji yakipanda mita 2 tu kwenye ule mteremko wetu wa mfano, mita 80 zote zimekwenda.

Nani anakaa mezani

Kuna jambo Cameron na Stanley walilikosa, na sisi wasomi tunaweza kulikosa vilevile. Waliokuwa na kumbukumbu ndefu ya ziwa hawakuwa wao. Ni wale waliowaambia «unaingia» na «unatoka», kila mmoja kwa mwaka wake. Leo kuna bibi Ujiji aliyekuwa mtoto mwaka 1964 na anakumbuka maji yalifika nyumba ya nani. Kuna wanaoanika dagaa Kibirizi wanaojua mchanga umesogea hatua ngapi tangu 2019. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko Kigoma na ina vipimo. Mvuvi wa Kalemie anauona mdomo wa Lukuga kwa macho. Hao wote wasipokaa meza moja, senario tutakazoandika zitakuwa za ziwa la jana.

Ukifika Kigoma, fanya jaribio dogo. Muulize mtu yeyote mwenye umri mkubwa akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka aliouona yakiwa juu kabisa. Weka alama ya rangi hapo ukutani, andika mwaka. Kisha pima mita 60 kutoka ufukwe wa siku hiyo uone alama yako iko upande gani wa futi kamba.